Baiskeli Kwenye Ukingo wa Mfereji

Watu wakinikuta naiosha baiskeli yangu matope huniuliza ni wapi karibu na Arusha mtu anaweza kuendesha nusu siku asipishane na gari hata moja. Huwa nawachorea njia kwenye karatasi, kwa sababu zipo nyingi na napenda zipate watu. Ipo moja tu ambayo siichori, ingawa kwa muda fulani ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nitaieleza hapa, pamoja na sababu.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya ruksa ya biashara huria, bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi na viwanda vikaanza kupunguza watu. Mimi nilikuwa karani wa stoo, nikapunguzwa. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kaloleni, mimi na mke wangu na mtoto wetu wa kwanza. Mke wangu akapata meza ya mboga kwenye soko la Kwa Mrombo. Mama yake, aliyekuwa na shamba kwenye miteremko ya Meru, juu ya Tengeru, akawa ndiye ghala letu: kabichi, maharage, ndizi. Kazi yangu ikawa kupanda kwa mama mkwe kila Jumamosi na kushuka na mzigo.

Ruksa hiyohiyo iliyoniondolea kazi ndiyo iliyoniletea baiskeli. Baiskeli tulizozijua tangu utoto zilikuwa zile nyeusi, nzito, ambazo mlimani husukumwa tu, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma na mtu anatembea pembeni kama anampeleka mgonjwa. Hii ilitoka kwenye mitumba. Fremu ya bluu iliyochubuka, gia nyingi, tairi pana zenye meno. Fundi wa Kaloleni aliizunguka mara mbili, akaniuliza meno yote yale yanakula nini.

Barabara kuu ya kwenda Moshi sikuipenda. Ilikuwa imejaa ghafla malori na magari ya mtumba, na kila dereva alikuwa na haraka ya mtu aliyechelewa miaka ishirini. Kwa hiyo nikaanza kutafuta njia ya juu. Unavuka mto Themi, unapanda taratibu, halafu unashika upande wa mashariki ukiuacha mji chini mkono wa kulia. Mwanzoni ni mashamba makubwa ya kahawa, yenye barabara za changarawe zilizochongwa kwa ajili ya matrekta. Baadaye msitu wa kupandwa, mikaratusi na misindano, ambako ardhi ni laini na husikii hata tairi lako mwenyewe. Kisha mabonde. Kila baada ya kilomita chache kuna kijito kinachoshuka kutoka Meru, na kila kijito kimechimba bonde lake. Unashuka hadi kwenye baridi ya maji na mawe meusi, unavuka, unapanda tena hadi kwenye migomba na moshi wa jikoni. Asubuhi nzima nilikutana na akina mama wenye majani ya ng'ombe kichwani, na pengine punda. Gari, hapana.

Kwa asiyewahi kuendesha kwenye changarawe, nieleze kidogo, kwa sababu si jambo gumu na watu huliogopa bure. Punguza upepo kwenye tairi, ili lishike ardhi badala ya kurukaruka juu yake. Usilitazame jiwe unaloliogopa, maana baiskeli hufuata macho; tazama pale unapotaka kupita. Ukishuka, sogeza makalio nyuma, na breki ya mbele uiguse tu. Ukipanda, weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, usisubiri hadi magoti yalalamike. Ukichoka, shuka usukume. Mimi nilishuka mara nyingi, na bado nilifika.

Sasa ule mfereji.

Wameru, kama ndugu zao wa Kilimanjaro, huchepusha maji kutoka kijitoni juu kabisa, karibu na msitu, na kuyapitisha kwenye mfereji wa udongo unaoambaa mlimani hadi mashambani. Mfereji hauwezi kushuka ghafla, maji yangebomoa kila kitu. Hauwezi kupanda, maji yangegoma. Kwa hiyo hujipinda na mlima, karibu tambarare, kilomita baada ya kilomita. Pembeni yake, upande wa bonde, kuna ukingo wa udongo ulioshindiliwa, mpana kiasi cha hatua moja.

Nadhani mnaona nilichokiona mimi. Baada ya mabonde matano ya kushuka na kupanda, nilitokea kwenye njia laini, tambarare, yenye kivuli, maji yakitiririka upande mmoja na bonde zima likiwa wazi upande wa pili, na njia ile inaishia karibu kabisa na shamba la mama mkwe. Niliifuata Jumamosi ya kwanza, nikafika nusu saa mapema kuliko kawaida. Nikaifuata kila Jumamosi, kwenda na kurudi. Kurudi nilikuwa na kabichi gunia zima kwenye keria.

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu mimi ni Mchaga. Wazazi wangu walitoka Kilimanjaro kuja Arusha kufanya biashara, na babu yangu, niliambiwa, alikuwa mmoja wa walioulinda mfereji wa kwao. Mtoto wa Kichaga aliyelelewa shambani angejua kwa miguu yake ukingo wa mfereji ni kitu gani. Mimi nililelewa Kaloleni. Maji niliyoyajua yalitoka bombani, au hayakutoka.

Kiangazi kile, kabla ya vuli, nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, uso umemkaza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia.

"Maji hayajafika," alisema. "Alhamisi hii ya pili. Zamu yangu ni Alhamisi, tangu alfajiri hadi saa sita. Nimesimama na jembe hadi saa nne, kimekuja kijito cha kuoshea vikombe."

"Labda huko juu kumekauka, mama."

"Juu kwa nani? Watu wote wamemwagilia. Maji yanafika hadi kwa huyu," akaonyesha kwa kidevu upande wa juu, "halafu yanapotea."

Huyu alikuwa jirani yake, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mpole, aliyevaa buti za mpira hata kiangazi. Tundu lake la maji ndilo lilikuwa la mwisho kabla ya kona kubwa ya mfereji, na baada ya kona ndipo lilipokuwa la mama mkwe. Mtu akimaliza zamu huziba tundu lake kwa vipande vya mgomba na matope, ili maji yote yaende kwa mwenzake. Mama mkwe aliamini kwamba jirani hazibi vizuri. Baada ya wiki moja aliamini kwamba hazibi kabisa.

Na sababu ilikuwepo. Mwaka ule jirani alikuwa amefanya jambo ambalo wengi walilifikiria na wachache walithubutu: aling'oa nusu ya mibuni yake akapanda vitunguu. Kahawa ilikuwa hailipi, soko la mboga limefunguka, naye aliweka nguvu zake zote kwenye vitunguu. Sasa mbuni huvumilia. Kitunguu kichanga kinataka maji kila wiki, kikikosa wiki mbili kimekwisha. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kwa watu kusema kwamba anaiba. Nami nilikubaliana nao. Nilipita juu ya ukingo, nikayaona matuta yake mapya, nikasema moyoni, ndiyo, huyu.

Alhamisi ya tatu maji hayakufika tena. Jumapili yake kamati ya mfereji ikamnyima jirani zamu ya wiki moja, ili ionekane itakuwaje. Wakasema Jumapili inayofuata wataamua kama watamfungia hadi mvua zinyeshe. Mama mkwe aliteremka mjini Jumatatu, na aliponieleza hayo hakuwa na furaha. "Ana watoto watatu shuleni," alisema. "Lakini na mimi nina kabichi."

Wiki hiyo mke wangu aliniomba nipande mapema, Alhamisi badala ya Jumamosi, kwa sababu kulikuwa na sherehe kata ya Sokon I na mtu alihitaji ndizi nyingi. Ndiyo maana kwa mara ya kwanza nilipita juu ya mfereji siku ya zamu ya mama mkwe.

Siku nyingine zote maji yalikuwa yanaishia kwa watu wa juu, kwa hiyo sehemu ya kona ilikuwa kavu nilipopita. Siku hiyo mfereji ulikuwa umejaa. Nilifika kwenye kona kubwa, pale nilipozoea kuukatiza ukingo kwa mshazari, kutoka upande wa maji kwenda upande wa bonde, ili baiskeli isiingie mferejini, na nikasikia maji yakianguka mahali ambapo hayapaswi kuanguka. Nikashuka. Kulikuwa na mkato kwenye ukingo, upana wa kiganja, umezama kama umechongwa kwa panga. Maji yalikuwa yanatoka pale kwa utulivu kabisa na kuteremka bondeni kwenye magugu, ambayo yalikuwa ya kijani kuliko kitu chochote mlimani.

Pande mbili za mkato ule kulikuwa na alama za meno. Niliweka tairi langu juu yake. Lilikaa kama mguu kwenye kiatu chake.

Niliinua macho nikatazama nyuma, hadi kwenye tundu la jirani. Lilikuwa limezibwa kwa vipande vya mgomba vilivyopangwa vizuri, matope yamepakwa na kulainishwa kwa mkono. Halivuji hata tone.

Nilifanya nilichoweza. Nilichimbua mabonge ya udongo yenye nyasi kwa mikono, nikayasukumia pale, nikayakanyaga. Maji yakatulia, yakapinda kona, yakaendelea. Nikaisukuma baiskeli hadi kwa mama mkwe.

Nilimkuta amesimama katikati ya kabichi zake, jembe mkononi, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Sikuwahi kumwona akitabasamu vile.

"Umeona?" aliniambia. "Tumemnyima zamu mara moja tu, na maji haya hapa. Ameogopa."

Ninataka kuwa mkweli juu ya saa zile. Sikumwambia papo hapo. Nilimsaidia kuelekeza maji, tuta baada ya tuta, na kila tuta nilijiambia kwamba tayari nimeziba, kwamba maji yatafika kila Alhamisi, kwamba hakuna anayehitaji kujua. Lakini kadiri maji yalivyofika ndivyo jirani alivyozidi kuwa mwizi. Nilipoziba lile tobo nilikuwa nimetengeneza ushahidi.

Nilimwambia baada ya chai. Alinisikiliza hadi mwisho, akakitazama kikombe.

"Umeziba?"

"Nimeziba, mama."

"Vizuri?"

"Kwa mikono tu."

Aliweka kikombe chini. "Wewe ukisema, utapanda baiskeli yako urudi Kaloleni," alisema. "Mimi nitabaki hapa, natazamana naye. Kisimani, kanisani, msibani. Nimemsema kwa watu wangapi?"

Hakunikataza, na hakuniambia nenda. Alisimama akaenda kukamua ng'ombe. Niliteremsha ndizi za watu hadi mjini kwa njia ya barabara, na Jumamosi jioni nikarudi na suti yangu ya ndoa kwenye mfuko.

Kwenye usharika wa kule, ibada ikiisha watu hawaondoki mara moja. Sadaka zilizoletwa kwa mazao, mayai, kuku, mikungu, miwa, hutolewa nje na kupigwa mnada, na pesa inakwenda kanisani. Ni wakati wa utani mwingi. Jumapili ile kuku mmoja alipanda bei mpaka watu wakaanza kumwamkia. Mimi sikucheka. Mnada ulipokwisha, watu wa mfereji walibaki kando ya ukuta wa kanisa, kama thelathini. Jirani alisimama peke yake, na siku hiyo pia alikuwa na buti zake.

Mwenyekiti wa mfereji alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye koti la suti.

"Jirani," alianza, "wiki tatu maji hayakufika chini. Tumekunyima zamu, yamefika. Unasemaje?"

"Niseme nini, Mwalimu? Nimeshasema. Nendeni mkavitazame vitunguu vyangu. Mwizi gani wa maji ana vitunguu vya manjano?"

"Vinakunywa hivyo," alisema mama mmoja. "Hata ungevipa ziwa."

Nilinyoosha mkono. Mwenyekiti alinitazama. "Mkwe, haya ni mambo ya mfereji."

"Ndiyo hayo hayo, Mwalimu."

Nikaeleza. Nilieleza yote, kona, mkato, meno ya tairi, tundu la jirani lilivyozibwa.

"Baiskeli?" mtu mmoja aliuliza. "Juu ya ukingo? Anaisukuma?"

"Anaiendesha," akajibu mwingine nyuma. "Nilimwona. Nikadhani amepotea, nikamwonea huruma."

Wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Alikuwa na tatizo la kweli. Sheria ya mfereji ilisema ng'ombe asipite ukingoni. Baiskeli haikutajwa, kwa kuwa haikumjia mtu yeyote akilini kwamba kiumbe mwenye akili angepanda baiskeli pale.

"Tumhesabu ng'ombe," alisema hatimaye.

"Ng'ombe ana miguu minne, Mwalimu. Hii ina miwili."

"Basi nusu ng'ombe. Ukingo umevunjika mzima, lakini." Akavuta koti lake. "Na ng'ombe hatozwi. Anatozwa mwenye ng'ombe. Huyu anatoka kwa nani, anakwenda kwa nani?"

Watu wote wakageuka kumtazama mama mkwe. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Nilidhani nitajibeba mwenyewe. Nikafungua mdomo niseme kwamba ni kosa langu, akaninyamazisha kwa kiganja, akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Ng'ombe ni wangu," alisema.

Hukumu ilikuwa inajulikana, hakuna aliyeuliza. Mwenye ng'ombe hujenga upya ukingo, na zamu yake inayofuata humpa yule aliyenyimwa. Maana yake Alhamisi ingekuja, na maji yangeishia kwa jirani, na kabichi zingesubiri wiki nyingine. Jirani aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

Njiani kurudi nilianza, "Mama, nisamehe."

"Nyamaza kwanza," alisema. "Bado nazifikiria kabichi."

Alhamisi alfajiri nilikuwa kwenye kona nikiujenga ukingo. Unakata mabonge ya nyasi mapana, unayalaza nyasi chini, unapanga kama matofali, kisha unakanyaga kwa miguu mitupu hadi udongo uache kunyonya unyayo. Ni kazi ya taratibu, na kutoka pale niliweza kuona shamba la jirani lote. Kuna sharti moja ambalo sikulijua: anayetoa zamu husimama shambani kwa anayepewa hadi saa ziishe, asije mtu kudai kesho kwamba alipunjwa. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa amesimama pembezoni mwa vitunguu vya mtu aliyemwita mwizi, mikono kifuani. Jirani alihangaika na maji peke yake. Kila mmoja alikuwa hatua kumi kutoka kwa mwenzake, nami nilisikia kila pigo la jembe.

Walipoanza kuzungumza ilikuwa Kimeru, ambacho Mchaga hana shida kukifuata.

"Matuta yako yameinama mno," mama mkwe alisema. "Maji yanakimbia kabla kitunguu hakijameza."

"Nimelima kahawa maisha yangu yote, jirani. Kahawa haina matuta."

"Ungeuliza."

Jirani aliegemea jembe lake. "Nimuulize nani? Wewe, uliyekuwa unanisema kila mahali?"

Miguu yangu iliacha kukanyaga. Mama mkwe alitazama chini, kwenye maji yaliyokuwa yakiteremka haraka kati ya matuta na kutoka upande wa pili.

"Nilikusema," alisema. "Ulikuwa umeziba vizuri, nami nikakusema." Kisha akanyoosha mkono. "Lete hilo jembe."

Jirani alisita, halafu akampa. Mama mkwe akakunja kitenge chake magotini, akaingia kwenye matope, akaanza kukata vizuizi vidogo vya udongo, kimoja kila hatua tatu, akimwonyesha jinsi ya kuyafanya maji yasimame kidogo kabla ya kuendelea. Jirani alimfuata nyuma, akivikandamiza kwa buti zake. Walikuwa bado kwenye tuta la nne jua lilipotoka juu ya migomba, na matuta yalikuwa mengi, nami nikarudi kukanyaga udongo wangu.